Dondoo muhimu: Maiki ya kondensa inapofanya "shhh"

Kapsuli ya maiki ya kondensa hutoa umeme kiduchu kupitia ukinzani mkubwa mno. Kosa dogo hapo mwanzoni husikika hadi kwenye spika.

Usiogope rezista kubwa kwenye geti ya transista ya JFET. Wengi huipunguza wakidhani ndogo ina kelele kidogo. Hapa mambo ni kinyume: kapsuli ni kapasita ya pikofaradi 50 hivi, nayo humeza kelele ya joto ya rezista. Kutoka megaohmu 100 hadi gigaohmu 1, kelele hiyo hushuka desibeli 10 katika masafa tunayoyasikia.

Op-ampu ya NE5532, pamoja na sifa zake zote, iache: mkondo wake wa kelele ukipita kwenye ukinzani huo hugeuka volti nyingi. Tumia JFET, au walau TL072.

Alama ya kidole kwenye bodi huvujisha umeme. Safisha kwa spiriti ya aisopropili. Bora zaidi, lehemu mguu wa geti hewani, usiguse bodi kabisa.

Mvumo wa hezi 50? Fupisha waya, funika kwa kasha la chuma lililofungwa arthi. Kisha jaribu kwa betri: mvumo ukinyamaza, mshukiwa wa kwanza ni pawasaplai.