Pofu si ng'ombe: usiuze mtamba wako kwa ajili ya swala

Juzi kijana mmoja wa huku Rungwe alinipigia simu: "Afisa, kuna mtu ananiuzia ndama wa pofu. Niuze mtamba nianze mradi?" Nikamwambia asubiri kwanza. Leo tujifunze wote.

Swala wakubwa ni akina nani?
Ni pofu, tandala mkubwa, palahala na korongo. Ukienda Hifadhi ya Ruaha unaweza kuwaona wote. Wanacheua kama ng'ombe. Kwa tandala, dume tu ndiye mwenye pembe, nazo zimejisokota. Kwa hao wengine, jike naye anazo.

Pofu ndiye mzito zaidi. Dume anaweza kufika kilo 900, na ana ngozi inayoning'inia shingoni. Jike hubeba mimba miezi tisa hivi na huzaa ndama mmoja. Hapo ndipo vijana wanaposema, "Si ng'ombe huyu!"

Sasa angalia tofauti:

1. Uzio. Pamoja na uzito wote huo, pofu anaruka mita mbili. Banda lako la mbao halimzuii.

2. Chakula. Hupenda zaidi majani ya miti na vichaka. Matete na guatemala unayokata kila asubuhi hayamtoshi.

3. Maziwa. Huko Askania-Nova, Ukraine, pofu walipelekwa mwishoni mwa miaka ya 1800, na baadaye wakakamuliwa. Maziwa yao yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe, lakini ni kidogo sana. Ng'ombe wako chotara anamwacha mbali.

4. Sheria. Hili ndilo kubwa. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwa na mnyamapori, au hata nyama yake, bila kibali ni kosa, na unaweza kufungwa. Ufugaji wa wanyamapori upo, ila una leseni na masharti yake. Ukiutaka, anzia TAWA au kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Usianzie kwa mtu wa kificho.

Yule kijana nilimuuliza swali moja tu: "Muuzaji amekuonyesha kibali?" Akanyamaza. Mtamba wake bado yuko bandani, na mwezi huu tunampandisha.

Na wewe ukiletewa dili la namna hii, uliza kibali kabla ya kuuliza bei.