Kwa Nini Pasaka Huhama?

Mwaka jana mvulana mmoja katika darasa la dini aliniuliza kwa nini Noeli haihami, bali Pasaka huhamahama. Nikamjibu, "Ndivyo Kanisa lilivyoamua." Akanyamaza. Najuta, maana alistahili jibu.

Basi sikilizeni, hata ninyi mliokwisha maliza shule. Pasaka ni Dominika ifuatayo mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baadaye. Kwa hiyo haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. (Mwezi huo ni wa hesabu za Kanisa, msitoke nje usiku kuutazama na kubishana nami!)

Mwaka 1886 Pasaka ilifika mwisho kabisa, 25 Aprili. Hesabuni siku arobaini, Pasaka ikiwa ya kwanza, mtafika Alhamisi 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana. Ndiyo siku Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walipochomwa moto huko Namugongo.

Sikukuu ya mashahidi haihami. Ya Kupaa Bwana huhama. Zilikutana tena mwaka 1943, na zitakutana 2038. Mvulana yule atakuwa mtu mzima. Nimemwandikia tarehe hiyo katika daftari lake.