Kufundisha Upangaji wa Kazi: Somo la Wachumaji wa Karafuu

Utangulizi

Msimu wa karafuu unapofika, mwenye shamba hutafuta wachumaji, na mchumaji naye hutafuta shamba. Kila upande una matakwa yake. Mwenye shamba humtaka mtu ajuaye kupanda mkarafuu pasipo kuvunja matawi, na mchumaji hulitaka shamba lililozaa vizuri, lililo karibu, ambalo mwenyewe hulipa kwa wakati. Hakuna awezaye kuamua peke yake, kwa kuwa yule anayechaguliwa naye pia huchagua. Soko la kazi la namna hii tutaliita soko la pande mbili.

Katika makala haya tutaeleza jinsi mwalimu wa darasa la juu la shule ya msingi awezavyo kulifundisha jambo hili kwa mchezo wa kadi. Tumeuweka mfano wetu Gando, katika Wilaya ya Wete, kisiwani Pemba. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo itoayo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Kwa hiyo mtoto wa Gando hana haja ya kuelezwa pishi ni nini wala makonyo ni nini, na mwalimu aweza kuanza na jambo lenyewe.

Yampasayo mwalimu kuyajua

Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, walichapisha makala fupi iliyojibu swali hili: je, watu wa pande mbili wakiwa na matakwa mbalimbali, yawezekana kuwapanga wawili wawili hata asipatikane wa kuuvunja mpango? Walithibitisha kwamba yawezekana daima, idadi yoyote iwayo.

Mpango usiovunjika tutauita mpango imara. Maana yake ni kwamba hapana mwenye shamba na mchumaji ambao hawakupangwa pamoja, lakini kila mmoja wao angempenda mwenzake kuliko yule aliyepewa. Wawili wa namna hiyo wakiwapo, watapatana kando, na mpango utavunjika.

Jambo hili lilikuwa limekwisha kuwasumbua watu. Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani ziligombea madaktari wapya hata zikawa zinawaahidi nafasi miaka miwili kabla ya kuhitimu. Mwaka 1952 ulianza kutumika utaratibu mmoja wa nchi nzima: kila daktari na kila hospitali waliandika orodha ya matakwa yao, na ofisi moja ikawapanga. Mwaka 1984 mchumi Alvin Roth alionyesha kwamba utaratibu huo ulikuwa, kwa asili yake, ni ule ule wa Gale na Shapley. Roth na Shapley walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa somo wanafunzi waweze:
(a) kueleza maana ya mpango imara;
(b) kuupata mpango imara kwa kufuata hatua;
(c) kueleza kwa nini mtu asiyesailiwa aweza kukosa kazi hata kama yupo anayemhitaji.

Vifaa na matayarisho

Mwalimu atayarishe kadi sita. Tatu ziwe za mashamba: Bondeni, Mlimani na Pwani. Tatu ziwe za wachumaji: Faki, Hamadi na Juma. Kila shamba lina nafasi moja tu. Nyuma ya kila kadi iandikwe orodha ya matakwa, anayependwa zaidi akitangulia:

Faki: Bondeni, Mlimani, Pwani.
Hamadi: Mlimani, Bondeni, Pwani.
Juma: Bondeni, Mlimani, Pwani.

Bondeni: Hamadi, Faki, Juma.
Mlimani: Faki, Hamadi, Juma.
Pwani: Juma, Faki, Hamadi.

Hatua ya kwanza: Mpango unaovunjika

Wanafunzi sita washike kadi na kusimama mbele. Mwalimu awapange hivi: Juma na Bondeni, Hamadi na Mlimani, Faki na Pwani. Kisha aulize, “Je, wako wawili ambao wangetaka kuuacha mpango huu wapatane wao kwa wao?” Wanafunzi watazisoma orodha na kuona kwamba Faki anaitaka Bondeni kuliko Pwani, na Bondeni inamtaka Faki kuliko Juma. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu, kwani kuigundua jozi hii ndiko kuielewa maana ya uimara.

Hatua ya pili: Wachumaji waombe

Sasa kila mchumaji aende kwenye shamba alipendalo zaidi. Shamba likipata waombaji zaidi ya mmoja, limshike kwa muda yule bora kwake na kuwakataa wengine. Aliyekataliwa aende kwa wa pili katika orodha yake, na shamba laweza kumwachia liliyemshika akija aliye bora zaidi.

Faki na Juma watakwenda Bondeni, na Hamadi Mlimani. Bondeni itamkataa Juma. Juma atakwenda Mlimani, akataliwe tena, kisha apokelewe Pwani. Mpango ni Faki na Bondeni, Hamadi na Mlimani, Juma na Pwani.

Mwalimu aulize kwa nini mpango huu hauvunjiki. Jibu ni hili: shamba lolote ambalo mchumaji alilipenda kuliko alilolipata, alikwisha kuliomba, nalo likamkataa kwa kumpata aliye bora kwake. Hivyo hata akirudi hatapokelewa.

Hatua ya tatu: Mashamba yaombe

Mchezo urudiwe, safari hii mashamba yakiwafuata wachumaji. Bondeni itakwenda kwa Hamadi, Mlimani kwa Faki, Pwani kwa Juma, na wote watapokelewa mara moja. Mpango huu nao ni imara, lakini Faki na Hamadi wamepata shamba la pili katika orodha zao, hali mashamba yote yamepata ya kwanza. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba utaratibu huufaa zaidi upande unaoomba. Huko Marekani nako jambo hili lilizua mjadala, na tangu mwaka 1998 madaktari hupangwa kwa utaratibu ambao wao ndio waombao.

Hatua ya nne: Usaili

Hatua hii ndiyo kiini cha somo. Mpaka hapa tumefanya kana kwamba kila mtu anawajua wote. Lakini mwenye shamba humjuaje mchumaji? Hana budi kuzungumza naye. Wala hana siku nyingi, kwa sababu karafuu huchumwa kabla ya kuchanua. Ikichelewa hupoteza thamani.

Basi mwalimu atoe sharti jipya: kila shamba lisaili watu wawili tu, na asiyesailiwa asiandikwe. Faki na Hamadi wanasifika kijijini, kwa hiyo mashamba yote matatu yawasaili hao hao. Juma asisailiwe na yeyote. Mchezo ukichezwa tena, Faki atapata Bondeni, Hamadi Mlimani, na Pwani itabaki bila mchumaji. Juma naye atabaki bila shamba.

Tulipolijaribu somo hili pamoja na wanafunzi wa Gando, mtoto aliyeshika kadi ya Juma alibaki amesimama peke yake, huku mwenzake wa Pwani akisimama peke yake upande wa pili. Darasa lilinyamaza. Kisha mtoto mmoja akasema, “Lakini Pwani ilimtaka Juma kuliko wote.” Ndivyo ilivyokuwa. Orodha ya awali ilimweka Juma mbele, ila Pwani haikupata nafasi ya kulijua hilo, kwa kuwa iliwakimbilia wale ambao wenzake wangewachukua. Kama ingempa Juma usaili mmoja tu kati ya miwili yake, wote sita wangepangwa.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi kama methali hii inatimia hapa. Waama, chema nacho hakijiuzi kisipoonwa. Utaratibu wa kupanga, hata ukiwa wa haki namna gani, hauwezi kumsaidia mtu asiyeandikwa katika orodha yoyote.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, mwalimu asiwaambie wanafunzi wapangane wao kwa wao kwa kupendana. Kadi ndizo zichaguliwe na kukataliwa, si watoto. Kadi ya Juma apewe mtoto mchangamfu, na kadi zibadilishwe kila mchezo unaporudiwa.

Pili, wanafunzi wakiuliza kama yafaa kuandika orodha ya uongo, waonyeshwe kwa mchezo kwamba upande unaoomba haupati faida kwa kuyaficha matakwa yake. Upande unaopokea maombi ndio uwezao kushawishika kufanya hila.

Zoezi

Wanafunzi wapange usaili upya, kila shamba likisaili watu wawili, na kila mchumaji akisailiwa na mashamba mawili. Kisha watafute mpango imara na kuulinganisha na wa hatua ya pili.

Hitimisho

Wanachuo wayasomao makala haya wataingia wao wenyewe katika soko la pande mbili. Zamani mhitimu wa chuo cha ualimu alipangiwa shule na serikali. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu wengi wa Tanzania Bara walioomba ajira waliitwa kusailiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Anayekwenda kwenye usaili hana budi kujiandaa, na anayesaili hana budi kukumbuka kwamba yule asiyemwita huenda ndiye aliyemfaa. Sisi walimu nasi husaili kila siku, tunapoamua ni mtoto yupi tumwulize swali. Tukiwauliza wale wale wawili walionyoosha mikono mbele, Juma wetu atabaki nyuma ya darasa, wala hatutajua alikuwa na jibu gani.