Masika na Kuporomoka kwa Udongo: Somo kwa Wasafiri wa Milimani

Mvua za masika zianzapo mwezi wa Machi, mkulima wa Nyacheki hufurahi, kwani mahindi huota na chai huchipua. Lakini katika milima ya Wagusii, ambako sehemu nyingi hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na ambako watu wamelima mpaka karibu na vilele, majira hayo yana hatari yake. Udongo wa mlimani huweza kuporomoka ukafunika njia, shamba, au nyumba. Yafaa kila mtu ajue jinsi jambo hilo litokeavyo.

Udongo mwekundu wa milima hii una kina kirefu, nao hunywa maji mengi. Siku za kwanza za mvua hakuna neno. Mvua ikiendelea, maji hupenya mpaka yakafika penye mwamba, au penye udongo mgumu usiopitisha maji, yakatuama hapo. Ndipo udongo wa juu, uliokwisha kuwa mzito, hukosa kushikamana na wa chini ukateleza. Basi msafiri asihesabu mvua ya jana tu, bali ahesabu mvua ya juma zima. Wako wasemao kwamba jua likitoka asubuhi hatari imekwisha. Sivyo, maana maji yaliyonyesha usiku yangali yakishuka ndani ya ardhi.

Katika milima ya Alpi huko Ulaya kinachoporomoka ni theluji. Baridi inapopungua, jua huyeyusha theluji ya juu, maji yake hupenya ndani, na rundo zima huweza kushuka bondeni kwa kishindo. Wapanda milima wa huko huondoka kabla ya alfajiri, theluji ingali imeganda kwa baridi ya usiku, na penye mteremko wa hatari huvuka mmoja mmoja, wengine wakimwangalia. Desturi hiyo ya kuvuka mmoja mmoja yatufaa hata sisi tusio na theluji.

Katika Afrika ya Mashariki watu wengi wamekwisha kupotea kwa ajili ya udongo. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa katika Uganda, mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka ukafunika kituo cha biashara cha Nametsi; watu zaidi ya 300 walikufa au hawakuonekana tena. Mwezi wa Novemba 2019 maporomoko ya usiku yaliua watu zaidi ya 40 katika Pokot Magharibi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang huko Tanzania lilifuata makorongo ya mito mpaka likaingia mji wa Katesh. Habari hii ya Katesh ina fundisho kubwa, kwa sababu wengi hudhani kwamba aliye mbali na mlima yu salama. Tope hupita njia ya mto.

Sasa tuseme habari ya kijito, maana ndiko msafiri hudanganyika zaidi. Mtu amefika kivukoni, mvua inanyesha, maji yamejaa. Ghafula maji yanapungua. Yeye hushukuru, akakunja suruali avuke. Kumbe udongo umeanguka huko juu ukaziba mkondo, na maji yanajikusanya nyuma yake. Kizuizi kikivunjika, yote hushuka pamoja na mawe na magogo. Kwa hiyo maji yakipungua ghafula na mvua haijakoma, au yakigeuka kuwa tope zito, usivuke. Panda juu upesi, uende kando ya mkondo, wala usikimbie kuufuata kuelekea chini, kwa kuwa tope lina mbio kuliko miguu yako.

Dalili nyingine huonekana mapema: ufa mpya juu ya mteremko, miti au nguzo za ua zilizoinama upande mmoja, chemchemi itokayo mahali palipokuwa pakavu, au mlango wa nyumba uliokuwa ukifungika vema na sasa unakwama. Mwendesha bodaboda akiona mawe madogo yakidondoka kutoka ukingo wa barabara iliyochimbwa, asisimame chini yake kungoja mvua ipungue, arudi nyuma. Huku kwetu mvua nyingi hunyesha alasiri, basi mwenye safari ya sokoni afadhali arudi mapema kuliko kupita gengeni gizani.

Mara nyingi ni sisi wenyewe tunaoifungulia hatari mlango. Mtu huchimba chini ya mteremko apate kiwanja cha nyumba, na kumbe sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuegemeza udongo wa juu. Mwingine hukata miti yote kwa mara moja. Mizizi haiozi siku hiyo. Huendelea kushika udongo kwa muda, ndiyo sababu hatari huja baada ya miaka kadhaa, wakati mwenye shamba amekwisha kusahau miti hiyo.

Aonaye ufa mpya juu ya makao ya watu na ampashe habari naibu wa chifu siku hiyo hiyo, na jamaa walio chini yake walale kwingine mpaka mvua ikatike na mteremko ukaguliwe.