Utando wa Retina: Wakati Mwingine Hubanduka Wenyewe

Mtu anapofumba jicho moja akaona fremu ya mlango imepinda, na kwa jicho la pili imenyooka, huenda shida si miwani wala mtoto wa jicho. Huenda ni utando mwembamba uliotanda juu ya retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Utando huo hunywea na kuikunja retina. Huwapata zaidi waliopita umri wa miaka 50.

Mara chache, na zaidi kwa vijana, hubanduka wenyewe. Ute uliojaa ndani ya jicho ukijitenga na retina, huweza kuuvuta utando ukatoka nao, na jicho likaona vizuri bila upasuaji. Dawa ya matone haiubandui, hata iwe ya bei gani. Kwa wengi haubanduki wala hauzidi, na daktari hufuatilia tu. Anayeshindwa kusoma huweza kufanyiwa upasuaji wa kuuondoa.

Lakini ute huohuo ukivuta unaweza kuchana retina. Dalili zake ni vimulimuli vya ghafla, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, au kivuli kama pazia upande mmoja. Haiumi, na ndiyo maana wengi huchelewa. Retina iliyochanika huweza kuzibwa kwa leza. Ikishabanduka huhitaji upasuaji wa haraka, la sivyo jicho linaweza kupofuka. Mkaazi mwenye dalili hizi aende siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye kliniki ya macho.