Cheti cha kuzamia ndani ya siku tano

SWALI: Tutazunguka Unguja na Mnemba kwa jahazi siku tano, kisha turudi kwa ndege asubuhi ya sita. Naweza kupata cheti cha kuzamia humo humo? – Msomaji, Kimandolu, Arusha

JIBU: Unaweza, ila kazi ianzie Kimandolu. Cheti cha kwanza cha PADI (shirika la mafunzo ya kuzamia), kinachokuruhusu kufika mita 18, kina nadharia, mazoezi ya maji tulivu na kupiga mbizi mara nne baharini. Nadharia isome kwenye simu kabla ya safari; kukaa na kitabu huku wenzako wanaogelea ni kujinyima. Utatakiwa pia kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Jipime kwenye bwawa hapo Arusha. Ukiwa na pumu au shida ya moyo, muone daktari kwanza.

Kinachonitia wasiwasi ni ndege yako. Chini ya maji, naitrojeni ya hewa ya mtungi huyeyuka mwilini. Ukipanda juu mapema mno hugeuka viputo, na viputo hivyo huweza kupoozesha mtu. Subiri angalau saa 18 tangu mbizi ya mwisho. Mimi ningengoja saa 24. Usidhani kurudi kwa boti na basi badala ya ndege ni ujanja: Arusha yenyewe iko takriban mita 1,400 juu ya bahari.

Kwa hiyo malizia mbizi siku ya nne. Na kama umepanga kupanda Meru likizo hiyo hiyo, tangulia mlimani, bahari ifuate.