Unga wa Mitishamba kwa Mgonjwa wa Kisukari: Tujue Tunachonunua

Mnunuzi wa Nyamuswa anapooneshwa sokoni kopo la unga wa kokwa za zambarau au wa majani ya mlonge, aghalabu huambiwa kuwa wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba unatibu kisukari. Kauli hiyo si uongo mtupu, wala si kweli kamili.

Ugali wa muhogo au wa mtama ni wanga, na utumbo hauwezi kuufyonza wanga mpaka vimeng'enya viukatekate uwe glukosi. Kimeng'enya kimoja, amilasi, huanza kazi katika mate. Kingine, alfa-glukosidasi, humalizia katika utumbo mwembamba. Vikizuiwa, sukari huingia katika damu polepole. Ndivyo itendavyo dawa ya hospitali iitwayo akarbozi. Viini vya zambarau na mlonge navyo vimeonekana kuvizuia, lakini hasa katika vyombo vya maabara. Kijiko cha muuzaji ni jambo jingine: nguvu ya mmea hubadilika kwa udongo, kwa msimu na kwa namna ulivyokaushwa.

Hatuidharau mimea. Metformini, wanayoimeza wagonjwa wengi, chimbuko lake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Ila kiini cha mmea huo kilikuwa na sumu, na ni mwaka 1957 ndipo daktari Mfaransa Jean Sterne alipotangaza matokeo ya kuwatibu watu kwa metformini.

Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, akiongeza unga huo pasipo kumwarifu tabibu, sukari yaweza kumshuka: atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa. Wengi hapo humpa chai ya sukari. Lakini sukari ya chai nayo hukatwa na vimeng'enya vya utumbo. Vikiwa vimezuiwa, kama kwa mtumiaji wa akarbozi, humfaa kwa kuchelewa. Apewe glukosi ya dukani iliyokorogwa katika maji. Ikikosekana, sukari yoyote ni bora kuliko kungoja. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe kituo cha afya.

Dawa uliyoandikiwa usiiache kwa sababu ya kopo. Nalo kopo lenyewe, tazama jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, na uthibitisho wa usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Muuzaji asipoweza kuuonesha, lirudishe kopo mezani pake, uondoke na fedha yako.